Hamri la Saa Kumi na Moja Alfajiri

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, umri wangu miaka 48, mkaazi wa Langoni, Lamu. Kazi yangu ni mahamri. Naamka saa tisa na nusu usiku, nakata donge nililoliumua tangu jioni, nasukuma, nakaanga, na ikifika saa kumi na mbili wateja wako mlangoni na vibakuli vyao vya mbaazi. Alhamdulillahi, karai hili ndilo lililosomesha watoto.

Ugonjwa wa sukari niligunduliwa mwaka 2021, nikapewa metfomini. Mwaka 2023 mpwa wangu aliye Mombasa akanifunza habari ya kuacha wanga. Nikaacha kweli: si wali, si mkate, si ndizi, si muhogo. Gramu ishirini kwa siku, sizidishi. Koliflawa niliagiza kwa basi, na mara nyingine ikishuka Mokowe imeshageuka njano. Unga wa lozi nilinunua kwa bei ambayo mume wangu mpaka leo hajaambiwa. Lakini ilifaa. Kilo zilishuka kutoka 91 mpaka 78, na kile kipimo cha damu cha miezi mitatu kikatoka 8.6 kikawa 6.4. Buibui langu likawa linanizunguka mara mbili.

Kisha ikaja harusi ya binti yangu. Nikasema naonja pilau tu, maana mama wa bibi harusi hawezi kuketi akiangalia wenzake wanakula. Shughuli zikaisha, mimi sikuisha. Mara Ramadhani, mara Idi, mara tambi, mara kaimati. Mwaka huu nina kilo 90, kipimo ni 9.2, na daktari ameniongeza kidonge cha pili, glibenklamaidi.

Niliona haya. Nikaamua kurudia kula kule kule kwa mwaka 2023, kimyakimya, nisimwambie mtu hata daktari mpaka nipungue. Siku ya tano, saa kumi na moja alfajiri, niko kwenye karai. Mikono ikaanza kutetemeka. Jasho likanitoka, jasho la baridi, si la moto. Mteja wa mapema alinipa noti ya mia mbili, mahamri yake ni ya themanini, na wallahi nilishindwa kuhesabu chenji. Kuja kufahamu, nimeshakula hamri moja na nusu na nimemaliza chai ya mwanangu, chai ya sukari vijiko vitatu. Haikupita robo saa nikawa mzima.

Nililia, Shangazi. Siku tano tu! Mwaka 2023 nilikaa miezi kumi na moja. Tangu siku hiyo nala kila kitu, nimejikatia tamaa.

Na kuna mavyaa, mama wa mume wangu. Naishi naye, umri wake umepita themanini, na nyumbani kwetu tunakula sinia moja. Siku ile ya tatu nilipokula samaki nikaacha wali, aliniangalia akasema, "Wali wa nyumba hii umetiwa sumu?" Sikuwa na jibu.

Nianze upya vipi? Nijibane zaidi ya mara ya kwanza? Na tui la nazi, naruhusiwa?

Mpika Mahamri, Langoni


Marahaba, mwanangu.

Kabla ya wali, kabla ya mavyaa, turudi hapo kwenye karai. Mikono inatetemeka, jasho la baridi, hesabu ya mia mbili kutoa themanini inakushinda wewe ambaye umerudisha chenji gizani miaka yote hiyo, kisha unakula kitu cha sukari na baada ya robo saa umepona. Hukupima, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini hizo ndizo dalili za sukari kushuka kupita kiasi, moja baada ya moja, kana kwamba umezinakili ukutani mwa zahanati. Hukushindwa na nafsi alfajiri ile. Mwili ulikuwa unazama ukashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa hamri. Ungejikaza usile, pengine leo barua hii ingeandikwa na binti yako.

Sasa sikiliza kilichobadilika kati ya 2023 na mwaka huu, maana wewe umekitaja kwa maneno mawili ukapita. Wakati ule ulikuwa na metfomini peke yake. Kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu, na ikiwa peke yake ni nadra kumshusha mtu mpaka atetemeke. Glibenklamaidi ni mambo mengine. Hiyo hulikamua kongosho litoe insulini, umekula hujala. Daktari alikuandikia kipimo hicho akijua unakula wali na mahamri. Wewe ukaondoa wali na mahamri, kidonge ukakiacha pale pale. Jahazi likitolewa farumi yote, ule uzito wa chini unaolituliza, na tanga likabaki limejaa upepo, hata nahodha hodari hupinduka nalo. Na dawa hiyo hukaa mwilini kwa saa nyingi, kwa hiyo mtu anaweza kushuka, akala, akapata nafuu, kisha akashuka tena mchana akiwa peke yake juu ya ngazi.

Kwa sababu hiyo, kosa lako ni moja tu, nalo ni lile la kufanya kwa siri. Nalielewa. Mtu aliyewahi kusifiwa kwa kupungua huona vigumu kurudi kwa aliyemsifu akiwa amenenepa. Lakini daktari wako si jirani wa kukuhesabia kilo. Nenda kwake wiki hii. Usiache kidonge kwa akili yako mwenyewe, kwa kuwa na 9.2 huna nafasi ya kubahatisha, na usiukate wanga tena kabla hujaonana naye. Chukua daftari, andika sukari yako ya asubuhi kabla hujatia kitu mdomoni, na ya saa mbili baada ya chakula cha mchana, siku nne au tano. Mweleze na kile kisa cha chenji, kama ulivyonieleza mimi. Kisha umwambie: "Nataka kupunguza wanga, kidonge hiki cha pili tukifanyeje?" Mara nyingi hupunguzwa, au huondolewa kabisa. Hilo ataliamua yeye kwa kuangalia namba zako.

Na tangu leo, kikopo cha sukari kiwe kando ya karai. Mtetemo ukija, pima. Ikiwa chini ya 4 (milimoli kwa lita kwenye mashine ya kidole, si kile kipimo cha miezi mitatu), au kama mashine haiko karibu, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, unywe, ukae chini. Baada ya dakika kumi na tano pima tena. Kama bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula kitu cha kukushikilia. Watoto wako wafunze hivyo pia. Hapo sukari ni dawa wala si dhambi.

Haya, tuje kwenye kurudi.

Unaniuliza ujibane zaidi ya mara ya kwanza. Hapana. Mara ya kwanza ulijibana mno, mpaka kuonja pilau siku moja ukadhani umeharibu yote. Wala si wewe peke yako. Mwaka 2021 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha matokeo ya majaribio 23 yaliyokusanywa pamoja, watu 1,357, wote wenye ugonjwa wako huu. Kufika miezi sita, waliopunguza wanga walikuwa wamewashinda wenzao: wengi zaidi sukari yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha kuitwa wagonjwa. Kufika mwaka, ile faida kubwa ilikuwa imenyauka. Wewe ulifika miezi kumi na moja. Kwa hiyo ukianguka mwezi wa kumi na mbili usijiite mnyonge wa Langoni, umeanguka pale pale wanapoanguka wengi.

Kula huku kwa kuacha wanga si jambo la jana. Mwaka 1863 huko London bwana mmoja, William Banting, aliandika jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Kazi yake ilikuwa ya mazishi, kwa hiyo nadhani aliwaona wateja wake wanavyoishia. Banting hakuhitaji koliflawa. Na wewe huihitaji.

Hapo ndipo ninapogombana na mpwa wako, Mungu ampe heri. Alikupa chakula cha watu wa mbali, ukakipika kisiwani. Lozi, jibini, kitu kinachosafiri siku mbili kije kufia Mokowe. Chakula cha namna hiyo kinadumu muda wa hamasa, na hamasa ni mgeni. Lakini angalia sinia lako mwenyewe ukiondoa ule mlima wa katikati. Kimebaki nini? Changu wa kuchoma. Tafi. Kolekole wa kupaka. Kaa, kamba siku ya neema. Mchicha wa nazi, mabamia, biringani, kabeji, kachumbari ya tango na nyanya yenye ndimu na pilipili. Mayai. Kuku wa kienyeji. Watu wa bara hulipia nauli kuja kula hivyo, nawe ulikuwa unasubiri basi lilete koliflawa!

Kipimo je? Waganga wa lishe huita wanga kidogo ule ulio chini ya gramu 130 kwa siku. Ule wa gramu 20 mpaka 50 ni wa kujibana sana, ndio ulioufanya wewe mwaka 2023. Mimi ningekutaka uanze na ule wa kwanza, ukae nao, na kama daktari akiridhia kushuka zaidi mtashuka pamoja. Wali uliopikwa, kila gramu 100 hubeba takriban 28 za wanga. Sahani ya kushiba ya gramu 300 ina 84. Mbili za namna hiyo, mchana na usiku, umeshavuka mpaka wako bila kuhesabu hamri wala chai. Ukishuka ukala wali wa kiganja kimoja mchana, na usiku usile kabisa, bado una nafasi ya bakuli dogo la mbaazi. Mbaazi zina wanga, nisikudanganye, lakini zina nyuzinyuzi na protini na haziendi mbio kwenye damu kama unga mweupe. Uzile bila hamri, kwa kijiko.

Mkate wa mofa usikuhadae kwa kuwa ni wa mtama. Umejaa wanga ule ule. Muhogo wa nazi ni mzito kuliko wali. Asali ni sukari, sukari guru ni sukari, na juisi ya embe ni sukari iliyovaa vizuri. Ukwaju wenyewe ni mchachu, lakini namna tunavyoutengeneza sisi, kikombe kizima cha sukari kwa jagi, hauna tena haki ya kuitwa ukwaju. Dafu lina sukari kidogo. Linywe siku mojamoja, usilifanye maji.

Tui la nazi uliloniulizia halina wanga mwingi, na halitakupandisha sukari. Lakini mafuta yake ni yale mazito yanayoweza kumpandisha mtu kolesteroli, na mwenye sukari lazima auchunge moyo wake kuliko mwingine. Kasimile, lile tui zito la kwanza, iweke kwa Ijumaa na kwa mgeni. Siku nyingine pikia tui la pili, na siku moja moja mpike samaki kwa nyanya na bizari bila nazi. Ukienda kwa daktari umwombe na kipimo cha kolesteroli, uwe na namba ya kuanzia.

Siku za mwanzo kichwa kinaweza kukuuma na mwili kulegea. Mtu akipunguza wanga hupoteza maji mengi na chumvi pamoja nayo, ndiyo maana mizani hufurahisha wiki ya kwanza kisha hununa. Kunywa maji, kunywa supu ya samaki. Na usikisie kama ni chumvi au ni sukari iliyoshuka. Choma kidole uone.

Kuonja ndio mtihani wako, maana wewe si mwalimu wala karani, wewe unashinda na unga. Nakuuliza: unaonja nini? Unga ni ule ule, nazi kiasi kile kile, iliki ile ile unayoitwanga kwa mkono ule ule. Tangu lini hamri lako likakosa sukari? Huonji ladha, unaonja njaa. Unaamka saa tisa na nusu na tumbo tupu, unasimama mbele ya moto na harufu ya iliki mpaka kumi na mbili. Malaika angekula. Kwa hiyo kula kabla ya kuwasha jiko, kitu chenye uzito, nitakwambia nini mwisho. La kuonja mpe mwanao, na umlipe kwa hamri.

Chai itie tangawizi na mdalasini, sukari iondoke kidogo kidogo, nusu kijiko kila wiki. Ukiona tabu, sisi watu wa pwani tuna kahawa chungu toka zamani. Wazee barazani huinywa bila sukari na hawalalamiki. Halua ndiyo inayoiharibu.

Sasa mavyaa.

Nimelisoma lile neno lake mara tatu. "Wali wa nyumba hii umetiwa sumu?" Wewe umesikia kijembe. Mimi nimesikia mtu mzima aliyeona mkaza mwanawe anaacha wali bila kusema kwa nini, tena mara ya pili, kwani mwaka 2023 alikuona. Kwa umri wake, mtu anayeacha wali ana mambo matatu: mgonjwa, amekasirika, au anaidharau nyumba. Hukumwambia lipi, akachagua mwenyewe.

Kaa naye baada ya alasiri, wakati hakuna watoto. Usimwambie habari za wanga, atakuuliza wanga ni nini na wewe utaanza kuhutubu. Mwambie alfajiri moja ulikaribia kuanguka kwenye karai la mafuta ya moto. Mwambie, "Mama, daktari ameniambia nile samaki na mboga zaidi, wali kidogo. Naomba unisaidie. Tukiketi, unisukumie samaki upande wangu, wali waachie wajukuu." Umeona? Yeye ndiye anayegawa kitoweo kwenye sinia lenu, bila shaka. Mpe kazi hiyo ya kukulinda. Mavyaa aliyepewa kazi ni mlinzi, aliyefichwa ni mpelelezi. Nakuhakikishia wiki ya pili atakuwa anawakemea wifi zako wanaokukaribisha kaimati.

Na kwenye sinia usijitenge na sahani yako ya plastiki kama mgonjwa wa kuambukiza. Keti, piga bismillahi, anza na mboga na samaki. Wali uje mwisho, ule ulio mbele yako tu, usiuchimbe. Utaratibu huo umepimwa: mtu akitanguliza mboga na kitoweo, sukari yake baada ya kula hupanda kidogo kuliko akianza na wanga, hata kama chakula ni kile kile. Ukitosheka nyosha mkono kwenye kachumbari uendelee kuwepo. Watu huangalia mkono, hawaangalii umebeba nini.

Harusi zitakuja tena, na Maulidi, na wageni. Siku hiyo kula pilau, kula kwa nia na kwa kiasi, na asubuhi yake rudi kwenye mayai. Kilichokuangusha si pilau ya harusi ya binti yako. Ni zile wiki zilizofuata ambazo ulisema maadamu nimeshaharibu.

Ramadhani usiisubiri ifike. Mwezi mmoja kabla, mwone daktari apange upya saa za dawa, au akwambie kama kufunga kunakufaa. Ukifunga, sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda kupita 16.6, fungua, hata kama imebaki nusu saa adhana. Kuchoma kidole kupima hakuharibu saumu, maulamaa wengi wamelisema. Usiache kupima kwa kuogopa hilo. Tende moja, maji, kisha supu. Tambi za sukari waachie wenye umri wa kuruka ukuta.

Unga wa lozi uliobaki, kama upo, mrudishie mpwa wako na salamu zangu. Na mume wako mwambie bei yake. Miaka imepita, hasira itakuwa fupi.

Kile cha kula kabla ya kuwasha jiko ni mayai mawili. Yachemshe usiku, uyamenye kabisa, uyafunike kwenye kibakuli kando ya kinu cha iliki, pale mkono wako unapokwenda wenyewe saa tisa na nusu.

Shangazi